Ng'ombe wa Mheshimiwa na Ua wa Dispensari

Ng'ombe wa Mheshimiwa Nyamu aliuawa kabla jua halijatoka, na aliyemuua hakuwa Sulemani. Katika soko lile jambo hilo peke yake latosha kuharibu sherehe. Lakini siku hiyo palivurugika mengi kuliko sherehe, na kwa vile nimesikia watu wakiyaeleza vibaya hadi huko Makutano ya Meru, ambako hawamjui Sulemani wala hawakumwona ng'ombe, nimeona afadhali niandike nilivyoyaona.

Mimi kazi yangu ni kuzunguka masoko. Nanoa visu na mapanga, na nikipata pampu ya kunyunyizia kahawa dawa imeziba, naizibua. Leo Kianjokoma, kesho Karurumo, wiki ijayo Meru. Soko ninalosema liko chini kidogo ya Karurumo na jina lake nitaliacha, wenyewe watajijua. Nikifika hapo hulala kwa Sulemani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na hajawahi kuniuliza nitaondoka lini.

Babu yake Sulemani alifika akibeba mizigo ya wazungu kutoka pande za Tabora, akaoa Mmbeere, akajenga nyuma ya soko pamoja na wenzake wawili watatu. Zile safu za nyumba za udongo ndizo Majengo mpaka leo. Sulemani anajua Kiembu kuliko Waembu wengine, anaswali mara tano, na ndiye mchinjaji wa soko. Bucha zote tatu ni za Wakristo, lakini hakuna inayotundika nyama ambayo haikupita kwa kisu chake pale slota, yaani machinjioni. Hata nyumbani kwa watu ni hivyo. Ukiwa na mahari, ukiwa na harusi, ukiwa na matanga au harambee ya kanisa, unamtafuta Sulemani ili watu wa Majengo nao wale. Na hutumi mtu. Unaenda mwenyewe jioni ya kuamkia siku hiyo, unakunywa chai kwa Rahema mkewe, halafu unasema, "Sule, kesho nina mbuzi." Mtu akijichinjia kwa haraka zake, watu wa Majengo watakuja vizuri tu, watakaa, watakula wali na kabeji, hawatasema neno. Na mwenye sherehe hatainua macho siku nzima.

Sasa, siasa zake. Ujanani Sulemani alifanya kazi kwa kiwanda cha kukoboa kahawa, akaingia chama cha wafanyakazi, wakagoma, wakafukuzwa wote thelathini na wawili siku moja. Tangu hapo hajawahi kumpigia kura mtu mwenye gari kubwa. Jioni akiingia kwa hoteli ya Eunice, Mutugi wa bucha huinua kikombe na kusema, "Haya, komunisti amefika. Ficheni mbuzi zenu, zitagawanywa."

"Zako nitaanza nazo," Sulemani humjibu. "Ziko mbili na zote zina ukurutu."

Watu wanacheka. Kisha anaanza, na akianza hachekeshi tena. Nimeyasikia maneno yake mpaka nayajua. Dawa iwe ya serikali na ipatikane. Maji ya mlima yawe ya wote, si ya yule aliye na mabomba. Mwenye lori kumi alipe ushuru wa lori kumi. Mchuma kahawa akiugua alipwe siku yake. "Hiyo tu," anasema. "Mkitaka kuiita ukomunisti, iteni. Mimi naita kuishi na watu."

"Na nani atanunua nyama yangu kila kitu kikiwa cha bure?" Mutugi anauliza.

"Mtu ambaye hajamaliza pesa yake yote hospitalini, mjinga wewe. Huyo ndiye atanunua nyama."

Lakini mwaka huo wa uchaguzi hasira yake ilikuwa na mahali pake. Ilikuwa nusu ekari, imezungushiwa nguzo na seng'enge, karibu na dispensari.

Dispensari ile ilijengwa na watu wenyewe. Miaka thelathini iliyopita wanawake walibeba mawe kwa kichwa kutoka mtoni, wanaume wakapasua mbao, na nusu ekari ya pembeni ikaachwa ya wodi ya akina mama kujifungulia. Ikakaa hivyo, serikali baada ya serikali, ikiota nyasi. Nyamu alipochaguliwa kuwa mwakilishi wadi mara ya kwanza alisimama juu ya hizo nyasi akasema hapa ndipo wodi itasimama. Mwaka wa tatu ukaja ua. Hakuna aliyejua ni wa nani. Watu wakamwuliza Nyamu, akasema hata yeye amepigwa na mshangao, ni tajiri fulani wa Nairobi, maneno yako kwa ofisi za ardhi, tuwe wavumilivu. Mwaka wa nne simiti ikaanza kupakuliwa ndani ya ua. Nyamu bado alikuwa amepigwa na mshangao.

Na katikati ya huo mwaka wa nne, Latifah, binti wa pekee wa Sulemani, akashikwa na uchungu. Dispensari ina nesi mmoja na haina kitanda cha kuzalia. Gari lililopatikana lilikuwa pikapu iliyobeba magunia ya muguka, yale majani ya kutafuna. Muguka hauna subira, ukinyauka ni hasara, kwa hivyo dereva alikubali kumchukua juu ya magunia lakini asimame mara mbili njiani kuteremsha. Mtoto alizaliwa kati ya kusimama kwa kwanza na kwa pili. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshapoa, hana uhai. Alikuwa wa kiume. Nilifika wiki moja baadaye nikamkuta Sulemani kwenye seng'enge, ameishika kwa mikono yote miwili, mahali penye miiba. Nilimwambia, "Ndugu yangu, twende nyumbani." Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Kwa hivyo mkiuliza Sulemani alitaka nini katika uchaguzi ule, alitaka jambo moja. Ule ua uondoke na wodi ijengwe. Alimpata mtu wa kusema hivyo, Mwalimu Kawira, mwanamke Mmeru aliyeolewa huku na kufundisha miaka ishirini. Alikuwa akigombea kwa chama ambacho hata rangi yake watu hawakuijua. Hakuwa na spika wala fulana za kugawa. Alikuja kwa miguu, viatu vya mvua vimejaa matope, akasimama mbele ya ile hoteli akasema, "Nikichaguliwa, siku ya kwanza nitauliza huu ua ni wa nani, na nitauliza mpaka nijibiwe." Basi. Sulemani alitembea naye soko zima. Vijana wakampigia kelele, "Sule, umeoa tena!" Naye akawajibu wapeleke kelele zao kwa mama zao, wakawaulize walizalia wapi.

Siku ya Alhamisi, wiki mbili kabla ya kura, nilikuwa slota nikinoa visu vya Mutugi. Akaja Lennox, kijana wa kampeni za Nyamu, simu mbili mkononi.

"Mzee Sule, Jumamosi uko na ng'ombe ya mheshimiwa. Saa moja asubuhi. Usichelewe."

Sulemani aliendelea kuosha sakafu. "Mheshimiwa ana miguu?"

"Nini?"

"Nauliza kama ana miguu. Mahari ya dada yake nilichinja mimi. Baba yake alikuja hapa mwenyewe, mvua inanyesha, akakaa kwa hicho kigoda."

"Mzee, mheshimiwa ana mikutano minne kwa siku. Hii si mambo ya zamani."

"Basi mwambie amkamate ng'ombe kwa hiyo mikutano minne."

Lennox aliondoka akipiga simu. Lakini jioni Rahema alikuwa na yake ya kusema. Rahema ni mtu mpole, sauti yake haivuki mlango, na nimeona Sulemani akimwogopa kuliko polisi.

"Watu wa Majengo wataenda Jumamosi," alisema. "Wataenda, Baba Latifah, upende usipende. Kuna njaa. Sasa waende wakale kabeji kwa sababu wewe umekasirika?"

"Nimchinjie mtu aliyeketi juu ya kitanda cha binti yangu?"

"Nani amesema ni yeye? Una ushahidi?"

Hakuwa nao. Hakuna aliyekuwa nao.

"Chinja," Rahema akasema. "Kisu si kura."

Aliiacha chai ikapoa. Kisha akaniambia nikapitishe ujumbe kwa Lennox. Atakuja Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, lakini kabla hajagusa ng'ombe ataongea na Nyamu uso kwa uso juu ya ua. Nilipeleka ujumbe. Lennox akasema sawa sawa, hakuna shida, bila kuinua macho kutoka kwa simu.

Jumamosi ilikuwa ile baridi ya mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya migomba, manyunyu hayanyeshi wala hayaachi. Tulishuka pamoja hadi bomani kwa Nyamu. Sulemani alibeba kisu chake amekifunga kwa kitambaa. Visu vingine vyote vya soko nanoa mimi, hicho hajawahi kunipa. Mahema yalikuwa yamesimama, sufuria kubwa ziko motoni, wanawake wa kanisa wanamenya viazi. Nyuma ya nyumba tukamkuta ng'ombe. Alikuwa chini, ngozi imeshatolewa hadi mapajani, na Mutugi ameinama juu yake.

Sulemani akasimama. "Nani amechinja?"

Mutugi hakuinua kichwa. "Niliwaambia wangoje."

"Uliwaambia ukiwa umeshika kisu?"

Lennox akaja mbio. "Mzee, samahani, ratiba imebadilika. Mgombea wa ugavana anafika saa tatu, si saa sita. Ikabidi tuanze. Ng'ombe alikuwa msumbufu, Mwaniki dereva akampiga shoka kisogoni, akalala. Lakini hakuna kitu kimeharibika. Wewe fanya tu ile yako."

"Ile yangu gani?"

"Ile maombi. Si huwa unaombea? Ombea sasa. Pasta huombea chakula kikiwa mezani na watu wanakula."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Kijana alizaliwa pale, amekula nyama ya Sulemani tangu apate meno, na katika miaka thelathini hakuwahi kuamka mapema aone inavyochinjwa. Aliwaza ni baraka, kama zile za kwao, ambazo zaweza kuja mwisho.

"Huyu amekufa kwa shoka," Sulemani alisema. "Amekufa kabla ya kisu. Ni kibudu. Hata mkiniletea imamu wa Makka aombee mpaka kesho, ni kibudu."

"Basi pitisha tu kisu hapo shingoni. Nani atajua?"

Nilidhani atampiga. Nafikiri Lennox pia alidhani hivyo, maana alirudi nyuma akakanyaga utumbo. Mutugi alikosa adabu akacheka.

Ndipo akatoka Nyamu mwenyewe, taulo shingoni, mikono imefunguliwa kama anayempokea mjomba wake. "Mzee wangu Sulemani! Nimeambiwa vijana wameharibu. Nitawachapa."

"Kuna ng'ombe mwingine?"

"Saa hii nitamtoa wapi?" Akamshika bega. "Sikiliza. Watu wa Majengo wanakuja, na wageni wangu watataka kuwaona wakila. Mwalimu Kawira ananikaribia, sikufichi. Sikuombi useme uongo. Wewe simama tu pale kwa sufuria. Wakikuona umesimama, watakula. Hutafungua mdomo."

"Na ua?" Sulemani akauliza.

Nyamu akageuka. Alitutazama, mimi na baiskeli yangu ya kunolea, Mutugi na mzoga wake. Nadhani hakuona mtu wa kuhesabika. Akapunguza sauti, lakini si sana.

"Ua ukitoka, utasimama?"

"Nani atautoa?"

"Jumatatu asubuhi naleta vijana. Saa sita mchana hakuna nguzo hata moja. Neno langu."

"Utautoaje na si wako?"

Mtu akishikwa hivyo uso hufanya kitu kidogo, kama maziwa yakianza kuganda. Nyamu akasema, "Mzee, usinishike kwa maneno. Unataka wodi ama hutaki?"

Nitasema ukweli wangu. Hapo mimi ningesimama kwa sufuria. Ningefikiria mtoto wa Latifah, ningefikiria mabinti wengine wote watakaopanda juu ya magunia, nikasema nyama ni nyama, Mungu ataelewa. Nilitaka Sulemani akubali. Nilimtazama nikitaka akubali.

Sulemani alienda akaketi juu ya mtungi wa maji, kisu magotini, nikakaa karibu naye. Jua lilipanda, hatukuliona kwa ukungu. Muziki ukaanza. Alizungumza mara moja tu. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili nampa salamu."

Saa tatu kasoro watu wa Majengo wakafika pamoja kama desturi yao, mbele Mzee Abdi anayeadhini msikitini, nyuma Rahema na Latifah katika wanawake. Mgombea wa ugavana hakuwa amefika. Nyamu alikuwa ameshavaa suti. Alikuja akamwinua Sulemani kwa mkono, taratibu, akatembea naye hadi kwenye sufuria, akabaki hapo ametabasamu, mkono juu ya bega lake.

Mzee Abdi hasikii vizuri na hupaza sauti. "Sulemani! Hii ni yako?"

Huulizwa hivyo kila mara, ni neno la kupita tu kabla ya kuketi. Sulemani alimtazama Latifah. Latifah alikuwa amevaa buibui la kijivu, amejikunyata kwa baridi, hakujua lolote.

"Si yangu," Sulemani akasema.

"Nini?"

"Si yangu!" Safari hii hata wapiga muziki walisikia. "Amepigwa shoka kichwani kama fisi. Nimeambiwa nisimame hapa mnione, mle. Na nimepewa malipo. Mnataka kujua malipo? Mheshimiwa huyu amesema nikinyamaza, Jumatatu atang'oa ua wa dispensari. Atang'oa! Ua ambao hajui ni wa nani! Ua wa tajiri wa Nairobi! Miaka miwili tunamwuliza, yeye amepigwa na mshangao. Mwanangu akazaa juu ya muguka, yeye akaja matangani, akakaa kwangu, akanywa chai yangu, bado amepigwa na mshangao. Na funguo za ua ziko mfukoni mwake!"

Nyamu alitoa mkono begani. Tabasamu lilibaki kwa muda kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke. "Jamani, mzee si mzima. Tangu afiwe na mjukuu si mzima. Anatumiwa na Kawira, mnajua."

"Mutugi!" Sulemani akaita. "Ulisikia ama hukusikia?"

Kila mtu aligeuka. Mutugi alikuwa mlangoni na beseni la nyama. Hiyo kazi ya siku moja ilimlipa kuliko mauzo ya mwezi, na Nyamu alikuwa akimtazama. Mutugi aliweka beseni chini. Akapangusa mikono kwa aproni, mmoja, kisha mwingine, kisha ule wa kwanza tena.

"Nilisikia," alisema. "Alisema Jumatatu saa sita."

Aliyefuata kusema hakuwa wa Majengo. Alikuwa Kaari, mama mzee wa chama cha wanawake wa kanisa, mwiko mkononi, mvuke wa sufuria usoni. Ni mama yake Lennox.

"Lennox. Wewe ulijua?"

"Mama, hii ni siasa. Tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza kama ulijua."

Lennox akatazama simu zake, ya kulia, ya kushoto.

"Nilibeba yale mawe nikiwa na mimba yako," Kaari akasema. "Miezi saba. Kutoka mtoni. Nikaambiwa, beba, utazalia hapo. Nikakuzalia jikoni, juu ya gunia. Na wewe ulijua."

Akauweka mwiko juu ya kifuniko, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Akajifungua kanga kiunoni, akaifunga tena kwa nguvu, akatoka langoni. Wanawake wa kanisa walitazamana, wakamfuata. Rahema akafuata, yeye ambaye sauti yake haivuki mlango. Latifah akafuata. Njiani waliazima majembe kwa kila boma.

Sitasema kwamba soko zima liliinuka. Wengi walibaki wakala, nyama ilikuwa nyingi na Wakristo sheria hiyo hawana. Mgombea wa ugavana alifika, akahutubia, akaondoka akiambiwa wanawake wako kwenye maombi. Lakini pale dispensari wanawake kama arobaini walikuwa wakichimba nguzo moja moja. Sulemani alikuja na mtaimbo. Miiba ilimchana, hakujali. Alikuwa akitukana kwa Kiembu, matusi ya wazee ambayo nilikuwa sijayasikia tangu utotoni. Kufikia alasiri seng'enge ilikuwa imekunjwa kama kamba ya ng'ombe ikaegemezwa ukutani. Polisi wawili walikuja wakauliza ni nani ameongoza. Kaari akasema, "Mimi." Mwingine akasema, "Ni mimi." Wakasema wote, wakicheka kwa hasira, mpaka polisi wakafunga daftari.

Mngetaka niseme Nyamu alishindwa. Alishinda. Alimpita Kawira kwa kura mia moja na arobaini na moja. Sulemani alisikia matokeo kwa redio ya Eunice, akaweka kikombe chini.

"Mutugi. Ulimpigia nani?"

Mutugi alikuwa na utu wa kutodanganya. "Nyamu."

"Ulisikia kwa masikio yako!"

"Nilisikia. Na nikasema mbele ya watu, sikukuacha. Lakini Sule, ua ni ua na kura ni kura. Kawira atatoa wapi lami? Nyamu anajuana na wakubwa."

"Lami!" Sulemani aliinuka, kiti kikaanguka. "Anakuibia kitanda, unamshukuru kwa lami ambayo hata hajaileta! Nyinyi ndio mnaonifanya nisilale. Nyamu namwelewa. Nyamu ni mwizi, anafanya kazi yake. Nyinyi ndio siwaelewi!"

Hakumwamkia Mutugi wiki tatu. Hata mimi alinikasirikia kwa vile nilimwambia atulie. Nami sikuweza kumlaumu. Mwezi wa tisa slota ilifungwa kwa barua iliyosema ukarabati, na huo ukarabati hakuna aliyeuona hata kwa ndoo moja ya mchanga. Sulemani sasa anatembea alfajiri hadi soko jingine, saa moja na nusu kwenda, kuchinja mbuzi wawili watatu.

Nilirudi mwezi wa pili. Nilikuta kuna kikao kwa chifu, kile cha wananchi kutoa maoni kabla ya kaunti kupanga matumizi. Hema, viti vya plastiki, karani na kompyuta yake, Nyamu mbele katikati. Watu waliinua mikono, wakapewa kipaza sauti. Taa za soko. Daraja. Mbolea. Sulemani aliinua mkono mara tatu, na mara tatu kipaza sauti kikampita kikaenda nyuma yake. Mara ya nne alisimama tu.

"Wodi ya akina mama kujifungulia," alisema. "Kwenye nusu ekari ya dispensari, ambayo iko wazi. Andika."

"Mzee, subiri zamu yako," Nyamu akasema kwa upole.

"Nimesubiri miaka thelathini. Andika."

Karani, msichana mgeni kutoka mjini, alimtazama Nyamu. Nyamu alitazama paa la hema. Kawira alikuwa amekaa mstari wa nyuma.

"Si umesikia? Andika!" Huyo alikuwa Kaari. Kisha wanawake wengine, kila mmoja kwa wakati wake, andika, andika wewe msichana, mpaka ikawa kelele. Na katika hizo kelele nilisikia sauti nzito ya mwanamume, nikageuka. Mutugi alikuwa amesimama juu ya kiti.

Msichana akaandika. Wakati wa kufunga Nyamu alishukuru kila mtu, akaomba tumalize kwa maombi. Sulemani hakungoja maombi. Alienda mbele moja kwa moja, akainama juu ya meza, akamwambia karani amsomee alichoandika. Karani akamsomea. Sulemani alisikiliza, kidole kwenye meza, uso bado umekunjamana.

"Hujaandika ekari," alisema. "Andika nusu ekari. Na uandike ni ya umma. Halafu unisomee tena."